Kila Sauti na Zamu Yake

Neno "kufuga" halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Singida. Kuku wa mkoa huo wamejipatia sifa hata katika masoko ya Dar es Salaam, na watoto wengi wa Iramba hujua kuchunga mbuzi kabla hawajajua kuandika majina yao. Kufuga ni kumtunza mnyama na kumzuia asikimbie. Wanamuziki wa Ulaya nao wanalo neno "fuga", walilolirithi kutoka Kilatini, lakini maana yake kwao ni kinyume cha yetu: ni kukimbia. Fuga ni muziki ambamo sauti moja hutangulia na wimbo, sauti ya pili ikaufuata, kisha ya tatu, kisha ya nne, mithili ya watoto wanaofukuzana uwanjani, isipokuwa hapa hakuna anayekamatwa wala anayeanguka.

Nataka leo tuzungumze juu ya fuga moja tu, iliyotungwa kwa ajili ya kinanda kikubwa cha kanisa na Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1685 na kufariki mwaka 1750. Msomaji ana haki ya kuuliza mambo hayo yameingiaje katika ukurasa wa familia, mahali tulipozoea kuzungumzia malezi, mapishi na ugomvi wa mawifi. Namwomba subira. Fuga hiyo ina uhusiano na Mkoa wa Singida kuliko mtu anavyoweza kudhani, na ina uhusiano zaidi na jinsi tunavyokaa na kusemezana katika nyumba zetu.

Bach aliishi miaka yake ishirini na saba ya mwisho katika mji wa Leipzig, akiwa kiongozi wa muziki wa kanisa na mwalimu wa vijana waimbaji. Mwaka 1739 alichapisha kitabu cha muziki wa kinanda ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa "Mazoezi ya Kinanda, Sehemu ya Tatu". Kiini cha kitabu hicho ni nyimbo za kanisa la Kilutheri, zikiwamo zile zinazofuata mafundisho ya Katekisimo: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Toba na Meza ya Bwana. Fuga ninayoizungumzia ndiyo inayokifunga kitabu hicho, kama mlango wa nyuma wa nyumba.

Sasa mtu yeyote aliyepata kipaimara katika makanisa ya Kilutheri ya Iramba atatambua orodha hiyo ya mafundisho. Ndiyo aliyokariri akiwa mtoto, amekaa juu ya benchi lisilo na egemeo. Wala si jambo la kubahatisha. Mwaka 1911 wamisionari walifika Ruruma, katika nchi ya Wanyiramba, na chama kilichowatuma kilikuwa na makao yake katika mji huohuo wa Leipzig. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi yao ilipokewa na Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana. Hivyo katekisimo ambayo Bach aliitungia muziki na katekisimo ambayo mama yangu aliikariri karibu na Kiomboi ni moja, na hata mji ilikopitia ni mmoja. Kitu ambacho hakikusafiri nayo ni kinanda chenyewe.

Na si ajabu kisisafiri. Kinanda cha Bach hakibebeki. Ni mabomba mamia kwa mamia, mengine marefu kama mti, mengine mafupi kama kalamu, na kila bomba hutoa sauti moja tu likipulizwa na upepo. Mpigaji hutumia mikono yote miwili juu ya safu za vibonyezo, na miguu yote miwili juu ya safu nyingine iliyo chini, kubwa, ya mbao. Katika zama hizo umeme haukuwapo. Upepo ulitoka katika mivukuto mikubwa, ya namna ileile ya wahunzi ila mikubwa zaidi, na walikuwapo watu waliofanya kazi ya kuikanyaga mchana kutwa nyuma ya ukuta. Jina la Bach twalijua. Ya wale waliokanyaga mivukuto yamepotea, na bila wao hakuna hata noti moja ambayo ingesikika.

Katika makanisa ya vijijini kwetu waumini waliimba bila kinanda, au kwa kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu, na nyimbo zikagawanywa katika sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Mojawapo ya nyimbo hizo ni ule ujulikanao kwa Kiswahili kama "Mungu Msaada Wetu". Tuni yake ni ya Kiingereza. Ilichapishwa mwaka 1708, na inadhaniwa kuwa mtungaji wake ni William Croft, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Anna mjini London. Wanakwaya waliofundishwa kwa do-re-mi watanielewa nikisema kwamba inaanza katika so, ikashuka hadi mi, ikapanda la, ikarudi so, kisha ikaruka hadi do ya juu.

Fuga ya Bach inaanza hivyohivyo. Noti zile zile, kwa mpangilio ule ule. Hakuna ushahidi kwamba Bach aliwahi kuisikia tuni ya Croft. Wimbo ulikuwa Uingereza, naye alikuwa Leipzig. Lakini Waingereza walipoisikia fuga hiyo hawakuweza kujizuia, wakaipa jina la "Mtakatifu Anna", na jina hilo limeigandama mpaka leo.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapojitokeza, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Katika wimbo wa kawaida wa kanisani, wimbo wenyewe, yaani ile tuni mtu anayoondoka nayo nyumbani, ni mali ya sauti ya kwanza. Ubeti wa kwanza ni wao, ubeti wa mwisho ni wao. Sauti ya pili, ya tatu na besi kazi yao ni kushikilia, kama nguzo zinavyoshikilia paa. Ondoa sauti ya pili, na wimbo utapwaya. Lakini mwulize msikilizaji sauti ya pili ilisema nini, naye hatakuwa na jibu.

Fuga haifuati sheria hiyo. Sauti moja hutoa wimbo, peke yake, huku nyingine zote zimenyamaza. Ikimaliza, sauti nyingine huupokea wimbo uleule, lakini kwa kimo kingine, chini zaidi au juu zaidi, kila mtu kwa koo lake. Na ile iliyotangulia haiendi kukaa. Inaendelea kuimba, lakini sasa imekuwa msaidizi: inamtafutia mwenzake maneno ya kando, inampa nafasi, inamshikilia. Kisha anaingia wa tatu, na wale wawili wakawa wasaidizi wake. Katika fuga hii ya Mtakatifu Anna sauti ni tano, na hakuna hata moja inayokosa zamu. Hata miguu ya mpigaji, ambayo katika muziki mwingi hufanya kazi ya kubeba mzigo tu, hupewa wimbo na kuutoa kwa sauti nzito inayotikisa viti.

Fuga hiyo ina sehemu tatu, na wanazuoni wengi husema Bach alikusudia kuutukuza Utatu Mtakatifu. Sehemu ya kwanza ni ya polepole na ya heshima, kama wazee wanaoingia barazani. Katika sehemu ya pili miguu hunyamaza, vidole vikakimbia na wazo jipya, hata mtu akadhani wimbo wa mwanzo umesahauliwa. Kumbe baadaye unarudi na kukaa ndani ya zile mbio. Sehemu ya tatu inakaribia kuwa ngoma. Miguu inarudi, na karibu na mwisho ndiyo inayopewa wimbo ule wa kwanza, huku sauti zote za juu zikiishangilia. Kwa dakika kama saba mtu anakuwa amesikia wimbo mmoja ukizunguka nyumba nzima, na kila aliyemo ameushika mkononi.

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu na kwamba masikio yetu hayakuumbwa kwa ajili yake. Wagogo, ambao wako Dodoma na pia katika Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, wana sifa ya kuimba kwa sauti nyingi zinazopandana, na wanawake wao hupiga ngoma za muheme kwa namna ambayo kila mkono una neno lake. Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyechunguza Kirimi, yaani lugha ya Wanyaturu, na kuandika juu yake mwaka 1964, baadaye alisaidia kukusanya nyimbo za ibada zenye tuni za Kiafrika katika kitabu cha "Tumshangilie Mungu", kilichotoka mwaka 1968. Kazi hiyo iliwaonyesha wengi kwamba tuni za nchi hii zinastahili kusimama mbele ya madhabahu.

Lakini kwangu mimi mfano wa karibu kuliko yote ni kinu. Wanawake watatu wanatwanga mtama katika kinu kimoja, kwa michi mitatu, kwa kupokezana. Mmoja anashusha, wa pili yuko katikati, wa tatu ameinua. Mchi haugongi mchi. Kasi ikiongezeka, mtu wa mbali husikia ngoma. Hakuna anayesema mchi wa nani ndio mkuu, maana anayetaka ukuu katika kinu atavunjiwa vidole. Hiyo ni fuga, na bibi zetu waliijua bila ya kusoma noti.

Sasa nije nyumbani. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake katika nyumba yetu huko Iramba. Sisi watoto tumetawanyika: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha. Ulipofika wakati wa kuzungumzia maisha yake tulikutana pale nyumbani, na baba mdogo akawa mwenyekiti. Kaka mkubwa alieleza vizuri sana kwa nini mama ahamie mjini. Alitaja hospitali, akataja upweke, akataja wezi na paa linalovuja. Wengine wakaunga mkono, kila mmoja kwa hoja yake, na hoja zote zilikuwa za upendo. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa ametuletea chai na viazi vitamu, na kila kikombe kilipopungua aliinuka kukijaza. Mwishoni baba mdogo akamgeukia: "Shemeji, umewasikia watoto. Unasemaje?" Mama akajibu, "Ninyi ndio mliosoma." Kikao kikaahirishwa hadi kesho yake, na wengi walikwenda kulala wakiamini kwamba amekubali.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jioni ile mama alikuwa nje akipepeta uwele, nami nikawa karibu naye. Ndani ya simu yangu nilikuwa na fuga hii, nikaifungulia kwa sauti ndogo. Noti chache tu zilimtosha. "Huo ni Mungu Msaada Wetu," alisema, ungo ukiwa bado unakwenda. Kisha ungo ukasimama. "Sasa wimbo umekwenda kwa nani?" Nikamwambia umepokewa na sauti nyingine. Akasikiliza tena. "Na huyu aliyeanza, mbona hakunyamaza?" Nikamjibu kwamba sasa anamsaidia mwenzake. Aliniagiza nirudishe mwanzo, nami nikarudisha, mara tatu.

Mama yangu aliimba sauti ya pili katika kwaya kwa miaka thelathini na mmoja. Walimu wa kwaya walikuja na kuondoka, wengine wakiwa vijana kuliko watoto wake, na mmojawapo aliwahi kuwaambia akina mama wa sauti ya pili kwamba kazi yao ni kufuata tu. Jioni hiyo aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Miaka yote hiyo, mwanangu, wimbo wenyewe niliuimba jikoni tu."

Asubuhi nilimwomba baba mdogo, kabla ya kikao, kwamba siku hiyo mama asiulizwe mwishoni bali aanze yeye, na kwamba sisi wengine tuzungumze juu ya lile atakalolisema yeye, wala si juu ya lile tulilokuja nalo kutoka mijini. Baba mdogo ni mtu wa busara. Alikubali bila maswali mengi. Mama alikaa kimya kwa muda, kisha akasema. Hakuukataa mji. Alichokataa ni kuhamishwa kama sanduku. Alisema ana shamba la alizeti analoweza kulisimamia, ana wenzake wa kwaya wanaomjulia hali kila siku kuliko sisi wa simu, na lipo kaburi ambalo hataki limee magugu. Wakati wa kiangazi, alisema, atakuja kwa watoto na atakwenda hospitali. Mvua zikikaribia atarudi kulima.

Kilichofuata ndicho kilichonikumbusha fuga. Kaka mkubwa, ambaye jana yake ndiye aliyekuwa na wimbo, aliupokea wimbo wa mama na kuuimba kwa kimo chake: kama ni hivyo, alisema, basi paa litengenezwe kabla ya mvua za Novemba, na gharama ni yake. Dada yetu wa Mwanza akaupokea kwa kimo kingine, akataka kujua nani atakayelala na mama usiku, maana hofu yake haikuwa imekwisha. Baba mdogo akaingia kwa besi, na mjukuu wake mmoja akatajwa. Neno lilikuwa moja, la mama, lakini lilizunguka chumba kizima na kila aliyelipokea aliliongezea kitu. Naye mama hakunyamaza baada ya kulitoa. Alimsaidia kila mmoja, hapa akikubali, pale akirekebisha. Mambo mengine bado hatujayamaliza, na suala la nani wa kulala naye lingali likijadiliwa kwa simu. Lakini sasa tunajadili wimbo wake.

Wapo wasomaji, hasa akina baba, watakaosema kwamba nyumba yenye sauti tano zinazotawala ni nyumba ya fujo. Wanaosema hivyo hawajaisikiliza fuga. Hakuna muziki wenye sheria kali kuliko huo. Wimbo ni mmoja tu, na kila anayeingia hana budi kuingia nao; haruhusiwi kuja na lake la pembeni ili aonekane. Anayesubiri zamu husubiri mpaka nafasi yake ifike. Na aliyekwisha kusema habebi viatu vyake akaondoka, bali hubaki kumshikilia anayefuata. Fujo ni pale ambapo kila mtu anaimba wimbo wake. Ukimya nao ni pale ambapo mmoja huimba na wengine wakamwitikia kwa woga. Kati ya hayo mawili ipo njia ya tatu, ngumu kuliko zote mbili, nayo ndiyo Bach aliyoichagua.

Aidha, jambo hili halikomei nyumbani. Mfanyakazi anayejua mashine yake kwa miaka ishirini, lakini katika mikutano ya kazini huulizwa mwishoni wakati watu wameshaanza kufunga madaftari, huyo ni sauti ya pili. Mke anayejua unga umebaki kiasi gani wakati bajeti ya mwezi inapangwa na mtu asiyejua bei ya unga, huyo pia ni sauti ya pili. Mtoto wa darasa la sita anayejua kwa nini mdogo wake hataki kwenda shule, huyo naye anao wimbo, na hakuna aliyempa nafasi ya kuutoa. Mara nyingi watu hao wanaijua tuni vizuri kuliko anayeiongoza, kwa sababu wamekaa chini yake miaka mingi wakiishikilia isianguke.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumapili hii mkishamaliza chakula cha mchana, kabla vyombo havijaondolewa na kabla redio haijafunguliwa, mtazame kila mmoja aliye mezani, na hasa yule aliyekaa karibu na mlango kwa sababu ndiye anayeinuka mara kwa mara. Kisha muulizane swali lile alilouliza mwanakwaya mmoja wa Iramba huku ungo umesimama mkononi mwake: sasa wimbo umekwenda kwa nani?